Nimeshamaliza Kusoma
Mhadhara kuhusu raha ya kitabu ukubwani

Ipo kauli moja ambayo watu wazima huitamka kila siku bila kuisikia: "Mimi nimeshamaliza kusoma." Anayesema hivyo anataka tujue kwamba ametoka shule, ana cheti au hana, na sasa yuko katika kazi na malezi. Hakuna anayemshangaa. Lakini tuitegee sikio kidogo, wasikilizaji wangu, kwa maana ndani yake limo jambo zima lililotukutanisha hapa Bagamoyo. Sijapata kusikia mtu akisema amemaliza kuzungumza, au amemaliza kusikiliza taarabu, au amemaliza kuogelea. Kusoma peke yake ndiko tulikokuwekea mwisho, na mwisho wenyewe ni siku matokeo yanapotoka. Neno hili moja linabeba mizigo miwili: kufuata maandishi kwa macho, na kuwa mwanafunzi. Shule ilipojitwalia mzigo wa pili iliondoka na wa kwanza pia. Ndiyo maana tuna msomi, na tuna msomaji, na wawili hao si mtu mmoja. Msomi ni cheo, humkaa mtu hata akiwa amelala. Msomaji ni mtu aliye katikati ya tendo, kitabu kiko wazi mapajani. Nchi ina wasomi wengi wasio wasomaji, na hoja nitakayoitetea ni kwamba wengi wao si wavivu. Raha ya kusoma walinyang'anywa wakiwa wadogo, kwa njia inayoelezeka hatua kwa hatua. Na kwa kuwa inaelezeka, mtu wa miaka 50 anaweza kuifuata njia hiyohiyo kinyumenyume mpaka aikute raha yake pale alipoiacha.

Tuanze na pwani yenyewe kabla ya ubao na chaki. Mrima wote, kutoka Kunduchi na Mbweni hadi Kaole, Bagamoyo, Saadani na Pangani, kusoma kulikuwa jambo la sauti na la watu. Masalia yake bado yamo katika maneno yetu. Tunasema watu wanasoma maulidi, wanasoma hitima, mgonjwa anasomewa dua. Katika usomaji wa namna hiyo mwenye kitabu mkononi ni mmoja, wengine wameketi mkekani, ubani unafuka, kahawa inangojewa, na mlango wa Barzanji, kitabu cha maulidi, ukifika mwisho msomaji humpa mwenzake zamu. Wapo waliokaa pale wasiojua herufi moja, lakini pa kuitikia wanapajua. Tenzi nazo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu zisomwe kwa mahadhi mbele ya hadhira. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, wa upande wa Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vile vya mwaka 1888 na 1889 vilivyomfikisha Abushiri bin Salim, aliyewapinga, kwenye kitanzi cha Pangani. Utenzi ule haukutungwa ukae kabatini. Ulitungwa uingie masikioni mwa watu walioziona meli za Wadachi kwa macho yao.

Kwa hiyo siikubali kauli inayorudiwa sana, kwamba sisi ni watu wa masimulizi na kitabu ni kitu cha mgeni. Muswada wa Utenzi wa Tambuka wa kule Pate una tarehe ya mwaka 1728, miaka 140 kabla mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafungua misheni yao hapa Bagamoyo mwaka 1868. Kitabu ni mwenyeji wa pwani hii. Kilichokuwa kigeni ni kusoma kimya, peke yako, ukijua kuwa mwisho wa ukurasa yuko mtu anayekungoja na swali. Nakiri vilevile kwamba chuo cha zamani cha Kurani hakikuwa pepo. Watoto walikariri wasichokielewa na bakora ilikuwapo. Lakini mtoto yule alipokuwa mtu mzima hakuachana na usomaji, maana mji ulikuwa na mahali pa kumpokea: arusini, matangani, usiku wa Ramadhani, ziarani. Usomaji ulimfuata katika umri wake.

Sasa mtazame kijana wa sekondari na riwaya. Kabla hajajua nani atakufa ameshaambiwa dhamira ni zipi. Anatakiwa kuorodhesha dhamira tano, wahusika na tabia zao, matumizi ya lugha, jinsi jina la kitabu linavyosadifu yaliyomo, na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi kifani na kimaudhui. Wengi hawakishiki hata kitabu chenyewe. Wanashika uchambuzi wake, kurasa chache za fotokopi zilizopita mikono mia, wino umefifia, na pembeni mtu ameandika kwa penseli: hili lilitoka. Simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Wala sisemi mitihani ifutwe, maana nchi haina njia nyingine nyepesi ya kupima watoto wake. Nasema tu kwamba kila kitabu kilipogeuzwa kuwa njia ya kupata alama, siku alama zilipokwisha kitabu nacho kilikosa kazi. Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa tuzo wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Siku zilizofuata, kalamu zilipowekwa mezani na kila mtoto kuachwa afanye apendalo, wale waliochora kwa ahadi ya tuzo walichora muda mfupi zaidi, kama nusu ya wenzao. Mkono na kipaji vilikuwa vilevile, ila mchezo ulikuwa umeshageuka kibarua, na kibarua hakifanywi bila ujira. Huyo ndiye mtu wetu mzima anayekishika kitabu, akasoma kurasa mbili, akasikia ndani yake sauti inayouliza: hiki kitanisaidia nini?

Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania ilikuwa katikati ya kazi kubwa ambayo lazima ihesabiwe katika hoja hii, maana kwa haraka inaonekana kuipinga. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa takwimu za serikali wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 hivi hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Hakuna Mtanzania anayepaswa kuizungumzia kazi hiyo bila heshima. Mabibi na mabwana waliokuwa wakitia dole gumba waliandika majina yao. Lakini tuangalie walisomeshwa nini. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, ufugaji, uvuvi, lishe, afya. Mambo yote hayo ni ya lazima, na yote ni wajibu. Mtu mzima alifundishwa kusoma ili azalishe zaidi au augue mara chache. Hakuambiwa kwamba anaweza pia kusoma ili usiku uwe mfupi. Kisomo kilipopungua nguvu, katika miaka ya 80 yenye uhaba wa kila kitu, karatasi ikiwamo, wengi waliachwa na ujuzi usio na chakula chake, na ujuzi usiotumika huliwa na kutu kama jembe lililosahauliwa kondeni.

Nao ushahidi kwamba njaa ya kusoma ilikuwapo haukufichika. Nje ya darasa, bila kampeni wala msukumo, watu wazima walikuwa wakisoma kwa shauku. Muhammad Said Abdulla alikuwa ametangulia na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akapata wafuasi kila palipo na Kiswahili. Mwaka 1974 Elvis Musiba akaleta Kufa na Kupona na mpelelezi wake Willy Gamba. Wakaja Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Ben Mtobwa. Vitabu hivi vilisomwa katika mabweni, kambini, gereji na saluni, vikaazimwa mpaka jalada likatoka, na aliyepata nakala isiyo na kurasa za mwisho alimtafuta mtu wa kumsimulia zilizosalia. Wapo waheshimiwa watakaosema huo ni upuuzi, risasi na wanawake warembo, na kwamba ni heri mtu asisome kuliko asome hayo. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Msomaji wa hadithi ya upelelezi hufanya kazi ngumu bila kujua: anakumbuka jina lililotajwa sura ya pili, anashuku, anabadili mawazo, anastahimili kutojua kwa kurasa 100. Hayo ndiyo yanayohitajika kumsoma Shaaban Robert. Anayeanza na Willy Gamba anaweza kufika kwa Karama, mhusika wa Kusadikika ya mwandishi huyo, naye asipofika ameishi usiku kadhaa mahali pengine, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayelala chumba kimoja na shida zake. Yule aliyezuiwa mlangoni kwa kuwa viatu vyake si vya heshima, huyo hafiki popote.

Kuna faida moja ya ukubwani ambayo kijana hana, nayo ndiyo inayonipa matumaini zaidi ya yote. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha ikaja kutahiniwa. Kijana wa miaka 17 huisoma akiwa upande wa Rosa, au akiwinda kurasa ambazo wakubwa hawakutaka azione, halafu anajaza jibu: malezi, umaskini, nafasi ya mwanamke katika jamii. Amejibu sawa na hajasoma bado. Mpe kitabu hichohicho akiwa na miaka 45, ana binti sekondari. Sasa atakutana na Zakaria, baba mlevi, mwenye ukali bila ukaribu, anayempiga mwanawe kwa barua ya kijana. Na msomaji atajikuta anaufunga ukurasa na kidole ndani, akisikiliza chumba cha pili kama binti yake amelala. Kezilahabi hakuongeza neno hata moja katika kitabu hicho, ila msomaji ameleta miaka 28. Vivyo hivyo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kupatikana kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ni mtoto anayetolewa na wazazi kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, akaingia katika msafara wa kwenda bara. Nani ataielewa zaidi, kijana asiyewahi kudaiwa, au mtu mzima wa mji huu, mji uliokuwa kituo cha mwisho cha misafara ya Tabora na Ujiji, ambaye amewahi kumpeleka mtoto kwa jamaa mjini na kujiambia kuwa ni kwa faida ya mtoto? Kwa hiyo nawashauri wanaotaka kurudi waanze na kile walicholazimishwa zamani, wakikisoma safari hii bila kalamu mkononi. Wakikichoka wakiache. Haki ya kukiacha kitabu katikati ndiyo alama ya kwanza kwamba mtihani umekwisha kweli.

Zipo pingamizi, na baadhi zina nguvu. Muda, wanasema, hakuna. Riwaya nyingi za Kiswahili hazizidi kurasa 200. Kurasa kumi kila usiku humaliza moja chini ya wiki tatu. Simu, wanasema, imekula akili. Ni kweli simu humkatiza mtu, lakini simu hizohizo zimejaa hadithi za kuendelea ambazo watu huzisubiri na hata kuzilipia sehemu kwa sehemu, na mtu anayesubiri sehemu ya 14 usiku wa manane hajaacha kupenda kusoma. Kinachomponza ni kurukaruka, na dawa yake ni kuiacha simu chumba kingine kwa nusu saa. Sitaki kukaa sana hapo.

Nitakaa kwenye macho, kwa sababu hayatajwi na kumbe ni nusu ya kesi. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kuona kilicho karibu. Mtu hasikii maumivu. Ila gazeti linaanza kusogezwa mbali, mkono unanyooka, mpaka siku moja mkono wenyewe unakuwa mfupi. Herufi hucheza, kichwa huuma, usingizi huja, na mtu hujihukumu: mimi kitabu kinanilaza. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 uliwakuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea katika hali hiyo, na wenye miwani walikuwa wachache mno. Fikiria maana yake. Umri ule hasa ambao kitabu kingeanza kumfunulia mtu maisha yake, ndio umri ambao herufi zinamkimbia, naye anadhani ni tabia yake iliyoharibika. Mara nyingi anachohitaji ni miwani ya kusomea, yenye nguvu ya moja na nusu au mbili, na taa inayotoka nyuma ya bega. Apimwe kwanza, kisha ndipo ajilaumu, kama bado atakuwa na la kujilaumu.

Pingamizi la bei ndilo zito kuliko yote na silikwepi. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku, kitabu kipya hushindana na unga na sukari, na unga utashinda, na ni haki ushinde. Maktaba za umma tunazo tangu sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Ila kutoka huko hadi huku Bagamoyo ni safari ya basi, na hakuna atakayepanda basi kuazima riwaya. Lakini hesabu hii ya bei ina kosa ndani yake. Inachukulia kwamba kila jozi ya macho inahitaji nakala yake. Kwenye maulidi nakala ni moja na wasomaji ni mkeka mzima. Tukirudisha sauti, bei hugawanyika kwa idadi ya waliokaa.

Hapo nitaambiwa kuwa kusikiliza si kusoma. Kwa mtoto anayejifunza herufi, kweli si kusoma. Kwa mtu mzima aliyepoteza hamu, kusikiliza ni mlango. Na tumewahi kulifanya jambo hili kwa ukubwa ambao leo unashangaza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walipewa mafunzo. Kwa wiki 12 watu waliketi, wakasikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nchi maskini, kijitabu kimoja, kikundi cha watu chini ya mwembe. Ikiwa ukurasa juu ya malaria uliweza kuwakalisha watu wiki 12, ukurasa wenye mauaji na mapenzi utawakalisha mwaka.

Bagamoyo haina kisingizio. Hapa ndipo wakutubi wa nchi wanapofundishwa, tangu Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kilipoanzishwa mwaka 1989. Hapahapa, mwendo mfupi tu, iko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambako vijana hujifunza kutumia sauti na mwili mbele ya watu. Chuo kimoja kinajua kitabu kilipo, kingine kinajua namna ya kukitamka. Sijui sababu ya msingi inayozuia mkutubi mmoja na mwigizaji mmoja kukaa barazani mara moja kwa wiki baada ya isha, wakasoma sura moja kwa sauti, bila kiingilio, bila mgeni rasmi, na bila maswali ya ufahamu mwishoni.

Na kitabu cha kuanzia kipo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huku, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake, pamoja na ya wenzake wachache, yalikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli: uzazi, chuo, jando, ngoma, arusi, utumwa, maziko, yote kwa Kiswahili cha Mrima. Mwandishi alioa Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikamzuia kurudi na mkewe. Alifia Ujerumani mwaka 1927. Kitabu kinachoeleza jinsi watu wa Bagamoyo walivyooana kilisomwa na maofisa waliokuwa wakijiandaa kuwatawala, na wenyewe wakakikosa. Usomaji uanzie hapo, kwenye sura ya arusi. Nina hakika msomaji hatamaliza ukurasa wa kwanza. Atafika kwenye mahari au kwenye kungwi, na bibi mmoja aliyekaa nyuma atasema hapana, kwetu hakufanywi hivyo, na mwingine atamjibu kuwa kwao Kaole hufanywa hivyohivyo mpaka leo, na vijana watacheka. Msomaji ataweka kidole kwenye mstari, angoje ubishi utulie, kisha aendelee.